Riwaya Sikioni, Safarini Kazini

Wazazi wengi wa Dar es Salaam hutoka nyumbani mara baada ya swala ya Alfajiri, na hurejea watoto wamekwishalala. Saa za foleni baina ya Mbagala na Posta hazirudi, lakini twaweza kuzifaidi. Tukishamaliza dua ya safari na nyiradi zetu, tusikilize riwaya.

Tuanze na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita: wanne walitumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Walirudi na mema, wakalipwa kifungo. Habari za mjumbe mmoja zatosha safari ya siku moja.

Nani atatusomea? Kijana wetu wa sekondari. Kila jioni arekodi kurasa chache kwa simu ya mama. Kiswahili chake kitanyooka. Na baba, asiyemkuta macho, atasikia sauti ya mwanawe kila asubuhi. Jumapili watakuwa na la kuzungumza: je, Karama alitenda haki kusema mbele ya mfalme?