Mita 100 kwa Sekunde 9.58: Jinsi Mwendo Unavyopimwa

Mwendo ni badiliko la mahali kadiri wakati unavyopita. Kuupima kunahitaji vitu viwili tu, umbali na muda, na kutokana na hivyo hupatikana mengine yote: kasi, mchapuko na grafu. Mbio fupi za riadha zinafaa sana kwa somo hili, kwa sababu njia yake hupimwa kwa uangalifu na muda wake husomwa hadi sehemu ya mia ya sekunde.

Tarehe 16 Agosti 2009, katika Uwanja wa Olimpiki wa Berlin, Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 na kuweka rekodi ya dunia. Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda: 100 kwa 9.58 ni mita 10.44 kwa sekunde. Kwa kuwa saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000, jibu hilo likizidishwa kwa 3.6 linakuwa takriban kilomita 37.6 kwa saa.

Hiyo ni kasi ya wastani, na wastani huficha mengi. Bolt alianza akiwa ametulia tuli, kasi yake sifuri. Basi ni lazima kuna mahali alipopita akiwa na kasi kubwa kuliko mita 10.44 kwa sekunde. Wataalamu waliozipima mbio zile walizigawa katika vipande vya mita 20. Kipande cha kwanza kilimchukua sekunde 2.89, cha pili 1.75, cha tatu 1.67, cha nne 1.61 na cha mwisho 1.66. Katika zile 2.89 za mwanzo mna sekunde 0.146 zilizopita baada ya mlio wa kuanzia, kabla mwili haujaitika.

Ukigawanya 20 kwa kila muda, hadithi yote inajitokeza: mita 6.92 kwa sekunde, kisha 11.43, 11.98, 12.42, halafu 12.05. Kipande cha nne kilipitwa kwa kasi ya karibu kilomita 45 kwa saa. Cha kushangaza zaidi ni kipande cha tano, kwani hata mtu mwenye mbio kuliko wote alikuwa amekwisha kuanza kupungua kasi kabla ya kufika mwisho.

Kiasi ambacho kasi hubadilika katika kila sekunde ndicho kinachoitwa mchapuko. Kasi ya wastani ya kipande inakaribiana na kasi halisi katikati ya muda wa kipande hicho. Bolt alifika katikati ya muda wa kipande cha pili sekunde 3.6 hivi tangu mwili uitike, kasi ikiwa imepanda kutoka sifuri hadi 11.43. Kwa wastani, basi, kila sekunde ilimwongezea zaidi kidogo ya mita 3 kwa sekunde. Kutoka hapo hadi kipande cha tatu, nyongeza ilishuka hadi theluthi moja hivi ya mita kwa sekunde katika kila sekunde. Mwishoni mchapuko ukawa hasi, yaani kasi ilikuwa ikipungua. Ni rahisi kuchanganya kasi na mchapuko: Bolt alikuwa na mchapuko mkubwa pale alipokuwa bado na kasi ndogo, na alipofikia kilele cha kasi, mchapuko wake ulikuwa sifuri.

Grafu huyaonyesha haya kwa mtazamo mmoja. Muda ukiwekwa kwenye mhimili wa ulalo na umbali kwenye mhimili wa wima, mwinamo wa mstari ndiyo kasi. Mstari wa Bolt huanza karibu ukilala, hupinda kuelekea juu, halafu hunyooka. Aliyesimama huchorewa mstari uliolala kabisa, kwani muda unapita na umbali hauongezeki. Mwendo wa kasi isiyobadilika hutoa mstari ulionyooka mwanzo hadi mwisho. Mkimbiaji Eliud Kipchoge aliukaribia sana mstari huo mjini Vienna mwezi Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akipita kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 50 hivi.

Kasi ikichukua nafasi ya umbali kwenye mhimili wa wima, maana ya mchoro hubadilika. Sasa mwinamo ni mchapuko, na mstari uliolala humaanisha kwamba mtu anaendelea kwa kasi ileile. Wengi huusoma kimakosa kuwa amesimama. Eneo lililo chini ya mstari huo ndilo umbali: kasi ya 12.42 kwa muda wa sekunde 1.61 inatoa mita 20.

Grafu hizi zina upungufu mmoja, kwamba hazisemi mwelekeo. Katika mbio za mita 100 njia imenyooka, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Katika mbio za mita 400 mkimbiaji wa njia ya ndani kabisa huizunguka na kurudi alipoanzia, na ingawa amekimbia umbali mrefu, mahali pake hapajabadilika. Isitoshe, kwenye kona kasi yake inaweza kubaki ileile huku mwelekeo ukibadilika kila hatua. Badiliko hilo nalo ni mchapuko, unaoelekea ndani ya kona, na ndiyo sababu mkimbiaji anayepita hapo huulaza mwili wake upande wa ndani.