Senti Sabini za Nchi Tajiri

Kila mama mwenye kuendesha nyumba ajua kupima senti. Basi na tuipime misaada ya nchi tajiri kwa kipimo hicho hicho. Mwezi Oktoba 1970, Umoja wa Mataifa ulizitaka nchi hizo ziwape wanaoendelea asilimia 0.7 ya pato lao. Yaani senti 70 katika kila shilingi 100. Ahadi ni deni, lakini mwaka 2024, miongoni mwa wahisani wakubwa wa Magharibi, ni Norwei, Luxembourg, Uswidi na Denmaki tu waliofikia kiwango hicho. Marekani ilitoa senti zipatazo 22.

Mwana wa Lupaso, wilayani Masasi, alikuwa mmoja wa waliolidai deni hilo. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995, nchi ilikuwa imelemewa na madeni ya nje: mkono mmoja ukipokea msaada, wa pili ukilipa. Mwaka 2001 Tanzania ilipata nafuu kubwa ya madeni, na ada ya shule za msingi ikafutwa. Watoto waliozuiwa na umaskini wakaingia darasani.

Mwaka 2004 Mkapa aliingia katika Kamisheni ya Afrika iliyoundwa na Uingereza. Ripoti yake ya Machi 2005 ilitaka misaada kwa Afrika iongezwe maradufu, na matajiri wajiwekee ratiba ya kufikia asilimia 0.7.

Mkapa alizikwa Lupaso Julai 2020. Ahadi bado haijatimizwa. Tuidai, lakini tusisubiri senti za jirani ndipo tuinjike chungu.