Baruapepe ya muda: ipi utumie, wapi usithubutu
Komredi wa Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, unataka kupakua mitihani ya miaka iliyopita, lakini tovuti inadai baruapepe kwanza. Ukiipa yako halisi, matangazo yatajaa hadi ujumbe wa HELB upotelee humo.

Hapo anwani ya muda inafaa. Ya 10 Minute Mail hudumu dakika 10. Guerrilla Mail hufuta ujumbe baada ya saa moja. Mailinator nayo, kikasha chake cha bure kiko wazi: yeyote anayejua jina ulilochagua atakisoma. Usipokee siri humo.

Na HELB, eCitizen au maombi ya kazi? Huko weka anwani ya kudumu. Ukisahau nywila, kiungo cha kuibadilisha kitatumwa kwa anwani iliyokwisha kufa. Utalia na nani?