Kwa Nini Mwalimu wa Michezo Anatuacha?

Pengine kikundi chenu kina kijana anayewafundisha michezo watoto wenye ulemavu kila Jumamosi. Alianza kwa moyo sana. Baada ya miezi michache akakosa Jumamosi moja, halafu mbili, mwisho haonekani tena. Watu husema, "Ah, vijana wa siku hizi!" Lakini tusiharakishe kulaumu.

Wanaoumia ni watoto. Mtoto asiyeona hukimbia akiwa ameshika kamba fupi pamoja na kiongozi wake, na hatua zao lazima zilingane. Hawezi kukimbia na mtu asiyemwamini. Mtoto asiyesikia hatasikia filimbi, kwa hiyo mwalimu hutumia bendera. Mambo hayo yote yako kichwani mwa mwalimu. Akiondoka yanaondoka naye, na mtoto anaanza upya.

Mfikirie Henry Wanyoike, aliyepoteza macho mwaka 1995. Mwaka 2000 huko Sydney, Australia, alishinda mbio za mita 5,000 za Olimpiki ya Walemavu. Karibu na mwisho kiongozi wake aliishiwa nguvu, ikabidi Wanyoike ndiye amvute yule anayeona! Baadaye alikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni. Mwaka 2004 huko Athens akapata dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000. Hapa tunajifunza mambo mawili: anayesaidia naye huchoka, na kuzoeana kwa miaka ni mali.

Sasa, ni nini humfanya mtu abaki katika kazi? Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200. Waliona kwamba yanayomkera mtu kazini ni mengine, na yanayomfurahisha ni mengine. Malipo duni na usimamizi mbaya humkera. Kufanikiwa, kutambuliwa na kupewa madaraka humfurahisha. Wataalamu wengine walimpinga baadaye, lakini sisi fundisho hilo linatufaa: ukiondoa kero tu, hujaleta furaha bado. Na ukimsifu mtu huku anatembea kwa miguu kilomita nyingi, sifa hiyo haimshibishi.

Huku kwetu kwenye majani chai, siku ya mazoezi ni siku ya kutochuma. Majani hayangoji mtu. Kijana anapoteza kilo zake, halafu analipa bodaboda kutoka mfukoni mwake. Hata akipenda watoto namna gani, nyumbani wataanza kumuuliza maswali.

Kikundi kinaweza kufanya hivi:

1. Mweka hazina atenge nauli ya mwalimu kila mwezi, hata kama ni kidogo, na ilipwe kwa wakati.

2. Wanachama wamsaidie kuchuma siku ya mazoezi, kwa zamu.

3. Apewe msaidizi, asibaki peke yake. Mzazi mmoja anatosha kuanza.

4. Muwe na daftari. Andikeni kila mtoto anaweza nini na amefika wapi. Mwalimu ataona matunda ya kazi yake, na akiondoka, maarifa hayapotei.

5. Mwacheni apange mazoezi mwenyewe, na mkutano wa kikundi umpe nafasi ya kueleza.

6. Mkubaliane muda, kwa mfano mwaka mmoja. Ukiisha, muulizeni kama anaendelea. Akisema hapana, ashukuriwe, na amfundishe mwenzake kabla ya kwenda.

Wengine wataondoka hata hivyo, kwa sababu ya ndoa, masomo au kazi ya mshahara. Hiyo si dhambi. Kosa ni letu tukingoja mpaka uwanja uwe mtupu ndipo tuanze kuuliza.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Mwalimu wetu wa mwisho aliondoka kwa nini? Kuna aliyemuuliza?
– Anayefundisha sasa hutumia pesa ngapi zake kwa mwezi?
– Akikosa kuja kesho, nani anajua ishara za watoto?