MPISHI WA NYUMBANI NA KAZI YAKE KATIKA MWEZI WA RAMADHANI



 

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi wanafunzi, kila siku mnarudi nyumbani mkakuta chakula kimeshaandaliwa. Ni wachache kati yenu waliowahi kukaa jikoni tangu asubuhi hadi usiku wakaona chakula hicho kinavyofika mkekani. Makala hii inaeleza kazi ya mpishi wa nyumbani wa mwambao wetu, awe ni mama, bibi, dada au hata baba. Tutaifuata kazi hiyo ndani ya Ramadhani, kwa sababu ndio mwezi ambao jiko huchoka kuliko miezi yote, na ndio mwezi ambao uzembe mdogo wa jikoni huweza kuilaza nyumba nzima.

Kazi huanzia sokoni. Mpishi anayejua hamsikilizi muuzaji akimsifu samaki wake, bali humtazama samaki mwenyewe. Jicho liwe angavu na limetuna, si la ukungu wala la kuzama ndani. Matamvua yawe mekundu. Mnofu ukibonyezwa kwa kidole urudi, usibaki na shimo. Jodari na vibua wanataka tahadhari zaidi. Wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini, na kitu hicho hakiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Anayekula huhisi mdomo unawasha kana kwamba ametafuna pilipili manga, uso huwa mwekundu na kichwa humgonga. Wengi hudhani ni mzio, kumbe ni samaki aliyeachwa juani.

Kisha kuna muhogo, ambao futari nyingi za pwani hazikamiliki bila ya huo. Muhogo una chembechembe ambazo, ukikatwa au ukisagwa, hutoa sumu ya sianidi. Muhogo mtamu unayo kidogo, nao hutosha kumenywa vizuri, kuoshwa, kuchemshwa kwa maji mengi bila kufunikwa, kisha maji yale yakamwagwa kabla ya kutiwa tui. Muhogo mchungu hauliwi hivyo kabisa. Huo hulowekwa kwa siku kadhaa, ukaanikwa na kutwangwa unga. Na si jambo la kufanyia mzaha: mwezi wa Septemba 2017, huko Kasese, magharibi ya Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafariki kwa kula unga wa muhogo wenye sumu hiyo. Kwa hiyo bibi akionja kipande kibichi ncha ya ulimi (nje ya saumu, bila shaka) akakitupa kwa kuwa kichungu, msimcheke.

Sasa tufike kwenye nazi, maana hapa ndipo mpishi wa mwambao anapojulikana. Nazi ya kukuna ni ile iliyokomaa, nzito mkononi, ambayo ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani. Dafu na koroma hazifai, kwani mafuta yake bado ni machache. Mkunaji hukaa juu ya mbuzi na kukuna ile nyama nyeupe peke yake. Akifika kwenye ganda la kahawia tui lake huingia weusi. Machicha hutiwa maji ya uvuguvugu, hufinyangwa kwa mkono, kisha hukamuliwa katika kifumbu au chujio. Maji ya uvuguvugu yana sababu yake: mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiwa ya joto hutoka kwa wepesi. Mkamuo wa kwanza ndio tui zito, ambalo wazee huliita kasimile. Mikamuo inayofuata ndiyo tui jepesi. Siku hizi wengi husaga nazi kwa blenda, au hununua tui la pakiti, na mimi sioni aibu yoyote katika hilo kwa mama aliyetoka kazini saa 10 jioni. Tofauti mojawapo ni kwamba tui la pakiti mara nyingi limetiwa kitu cha kulizuia lisikatike.

Kwani tui hukatika kwa nini? Tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyoelea ndani ya maji. Mafuta na maji havipatani, lakini ndani ya nazi zimo protini zinazoyazunguka matone hayo kama nguo na kuyazuia yasiungane. Tui likitokota kwa moto mkali, zile protini huiva na kugandamana, nguo inavuka, matone yanakutana na mafuta yanapanda juu. Chini hubaki maji yenye vipande vyeupe. Chumvi nyingi, ndimu, ukwaju na nyanya huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana mpishi hupika kwanza kwa tui jepesi mpaka kitu kiive, halafu akapunguza moto, akamimina tui zito mwishoni, akawa anakoroga bila kuacha, akichota kwa upawa na kurudishia. Tui lililokatika halina madhara, ila mchuzi hauvutii. Na kwa anayetaka mafuta ya nazi, huko kukatika ndiko anakokutafuta: hulipika tui makusudi mpaka mafuta yajitenge.

Wali wa nazi hufuata njia hiyo hiyo. Tui jepesi na chumvi hutangulia, mchele uliooshwa hutiwa, maji yakikaribia kukauka hutiwa kasimile, kisha sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Aliye na jiko la gesi hupunguza moto mpaka mwisho. Mchele mpya unataka maji machache kuliko mchele uliokaa ghalani, na hakuna kikombe kinachoweza kukufundisha hilo isipokuwa kuupika mchele wenyewe mara mbili tatu.

Haya yote mpishi huyafanya akiwa na saumu. Wanafunzi huuliza sana: je, anaweza kuonja chumvi? Wanazuoni wameruhusu kuonja kwa haja, kwa ncha ya ulimi, kisha kutema bila kumeza kitu, na imepokewa kauli ya namna hiyo kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Hata hivyo wapishi wengi hawaonji kabisa. Hupima kwa kiganja na kwa harufu. Chumvi ikipungua siku moja, basi tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Abu Huraira (R.A.), hakuwa akikitia chakula ila. Akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Na Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Kwa hiyo mvulana anayejua kukuna nazi na kuosha sufuria hajavunjiwa heshima.

Adhana ya Magharibi ikikaribia, sahani huanza kutembea. Mtoto hutumwa kwa jirani na bakuli la mchuzi, na bakuli lile halirudi tupu. Jambo hili lina asili yake katika wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr (R.A.), kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani.

Lakini sehemu ya kazi inayosahauliwa ni ile ya baada ya futari. Watu wameshiba, wanakwenda kusali Tarawehe, na wali umebaki sufuriani. Futari ni kama saa 12 na nusu jioni, daku ni kama saa 10 alfajiri. Baina yake ni zaidi ya saa 9, na katika joto letu la pwani muda huo ni mrefu mno.

Ndani ya mchele mna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Ana hali mbili. Akiona mazingira magumu hujifunga ndani ya kijigamba kigumu ambacho kuchemka kwa sufuria hakukiui. Wali ukipoa ukawa vuguvugu, kijigamba hufunguka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Sumu ile haiondoki kwa kuupasha wali moto, hata ukafuka moshi, na haina harufu. Tui likichacha pua hukuambia, lakini sumu hii haikuambii kitu. Aliyeila huanza kutapika baina ya nusu saa na saa 6. Fikiria mtu aliyekula daku saa 10, akanuia saumu, na saa 1 asubuhi anatapika maji yote aliyokunywa. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, wala asijilazimishe. Kwa mtoto mdogo upungufu wa maji mwilini ni hatari ya haraka zaidi, naye apewe maji ya chumvi na sukari yanayopatikana dukani na zahanati, na asicheleweshwe kupelekwa kwa daktari.

Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake ya chakula salama yaliyoanza kuenezwa mwaka 2001, linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, au kibaki moto juu ya nyuzi 60, na kinapopashwa kifike nyuzi 70 kila mahali. Mpishi wa nyumbani hana kipimajoto, lakini anaweza kufanya hivi: kabla ya kutoka kwenda Tarawehe, wali wa daku uchotwe utandazwe katika sinia au vyombo vyenye kina kifupi, ukipoa kidogo ufunikwe na uingizwe katika friji. Sufuria nzima ikiingizwa hivyo ilivyo, katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi, na bakteria huendelea na kazi yake ndani ya friji. Kufunika vyombo usiku ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) aliliamrisha.

Nyumba isiyo na friji, au umeme unapokatika, ni bora wali upikwe wa kutosha futari tu, na uliobaki apewe jirani mapema ungali moto. Daku iwe ya vitu visivyoharibika upesi: tende, mkate, chapati, ndizi, chai, au mchele kidogo upikwe upya saa 9 na nusu. Mchele wa vikombe 2 huiva kabla maji ya chai ya watu 6 hayajanyweka, na ukoko wake hugombaniwa na watoto kama kawaida.