Namba za Kanisani si za Biashara

Mama mpendwa, unauza vitenge, maandazi au sabuni? Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, hupatikana bure. Weka humo picha, bei na saa za kazi. Malipo yapitie Lipa Namba, ili fedha za duka zisichanganyike na za nyumbani.

Lakini usizichukue namba za akina mama kwenye daftari la kanisa na kuwatumia matangazo. Walizitoa kwa ajili ya maombi na misiba. Tena, hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuyakataa. Muulize kila mmoja kwanza. Heri wateja kumi waliokubali kuliko mia wanaokukwepa mlangoni mwa kanisa.