Asidi, Klorini na Maji ya Kusuuzia

Dawa za kusafishia bafu na choo huuzwa kana kwamba tofauti yake ni harufu na bei, ilhali kinachozitenganisha ni aina ya uchafu ambao kila moja inaweza kuuondoa. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Umoja na Kayole hadi Pipeline, uchafu huo ni wa namna mbili: upo utando wa sabuni unaoota ukungu, na lipo gamba gumu linaloachwa na maji ya chumvi ya visima virefu, ambayo wakaazi huyategemea maji ya mfereji yanapotolewa kwa mgao.

Gamba hilo kwa sehemu kubwa ni chokaa, nalo huyeyushwa na asidi, yaani kemikali kali kama ile ya haidrokloriki iliyomo katika dawa nyingi za choo, ambapo ukungu na viini huuawa na klorini ya Jik na dawa za jamii yake. Anayemwagia gamba Jik hulifanya jeupe tu bila kulibandua, naye anayesugua sakafu ya saruji kwa asidi kila wiki huila sakafu yenyewe, kwa kuwa saruji nayo hutengenezwa kwa chokaa.

Hatari kubwa huzaliwa dawa hizo mbili zinapokutana, kwa sababu asidi huitoa klorini ikiwa gesi, ile ile iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani kama silaha huko Ypres mwaka 1915. Hata mkojo uliokaa, unaotoa amonia, huzaa gesi yenye kuwasha macho na mapafu ukichanganyika na Jik, na bafu la ploti mara nyingi halina dirisha la kuitoa. Vitabu hushauri kusuuza vizuri kabla ya kubadilisha dawa, ushauri usio na kasoro ila kwamba umeandikwa na watu wenye maji, kwani mtungi wa lita 20 ulionunuliwa kwa mwenye mkokoteni haumwagwi ovyo. Uchaguzi wa dawa basi huanzia kwenye hesabu ya maji: siku ya uhaba sabuni ya unga na brashi hutosha, asidi hungojea siku ambayo mgao huleta maji, na Jik hupewa siku nyingine kabisa, mlango ukiwa wazi.

Klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, ikitiwa kikombe kimoja katika vikombe 34 vya maji baridi, hushuka hadi asilimia 0.1, nayo huachwa dakika 10 kwenye sakafu iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni, maana uchafu uliobaki huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye viini.

Dawa ya kupimiwa, inayouzwa katika chupa za soda zisizo na lebo, humtega mtoto mwenye kiu, na ikiwa ni ya klorini, mwanga upitao katika chupa hiyo angavu huidhoofisha. Muuzaji wake aulizwe kama ni asidi au ni klorini, na asipojua, ibaki dukani kwake.